Mafunzo ya chanjo niliyohudhuria bila kujua

Shoga, nimetoka zahanati na hasira, we acha tu!

Leo kaja mkaguzi wa wilaya, kafungua faili langu. "Muuguzi, mwezi uliopita ulikwenda mafunzo ya chanjo siku tano. Friji ikizimika unafanyaje?"

Mafunzo gani? Miaka mitatu naomba, naambiwa zamu haina mtu!

Daktari wetu akanikanyaga mguu chini ya meza. "Amechoka tu huyu."

Ati nimechoka! Kumbe alimpeleka shemeji yake kwa jina langu. Yule wa mapokezi, shoga, aliyetoweka kazini siku tano mwezi uliopita! Hata sindano hajawahi kushika!

Nikamwaga yote, daktari akiwa pale pale. Mkaguzi kamtaka ajieleze kwa barua, na mimi nakwenda mafunzo Jumatatu.

Kutoka nje, daktari ananifokea, "Umenivua nguo!"

Nikamwambia, "Watoto wa watu nawachoma sindano mimi, si shemeji yako."