Chungu Kimoja cha Dilala

Jumapili, tarehe 8 mwezi wa saba 1984

Wanakuja! Padri ametangaza leo baada ya misa: wageni wawili watafika Ijumaa kuchunguza ushirikiano wetu. Abbé Kalala kutoka Lubumbashi kwa upande wa kanisa, Shehe Asani kutoka Kasongo kwa upande wa msikiti. Parokia na msikiti wa hapa Dilala walipatana kwa miaka mitatu ili vijana wao wakutane, wazungumze, wajuane dini. Miaka hiyo inaisha mwezi huu. Wageni wakisema ndiyo, tunaendelea. Wakisema hapana, kila kijana arudi kwao, na ukumbi wetu urudi kuwa ghala ya saruji.

Niseme wazi, maana hapa hakuna anayenisoma: sina wasiwasi hata kidogo. Kundi hili tumelilea mimi na Zena. Yeye anauza vikwembe, vitambaa vya kujifunga, sokoni, Mwislamu, wazazi wake walitoka Kasongo. Mimi ni mwalimu, Mkatoliki tangu tumboni. Mwanzoni vijana walikaa pande mbili za ukumbi kama timu mbili za mpira zinazongoja filimbi. Nenda kawaangalie sasa! Nikipita barabarani nasikia watu: yule ni Mama Ernestine wa kundi. Shingo inarefuka yenyewe. Kwenye karatasi za serikali mimi ni citoyenne Mwenze, mwananchi kama wote, lakini huyo citoyenne hajawahi kusalimiwa kwa furaha namna hiyo.

Jumanne, tarehe 10

Nimekaa na Zena kupanga. Jumamosi maswali, Jumapili fête, karamu ya wote. Mbuzi mmoja, chungu kimoja.

Chungu kimoja ndiyo sifa yetu. Wazazi wetu walianza hivyo kwenye vilio vya mwaka wa vita, 78, watu walipozikana bila kuulizana dini. Mnyama anachinjwa na Mwislamu, na wote wanakula. Wakatoliki hawana neno, Waislamu hawana shaka. Katika kundi mchinjaji wetu ni Abibu, mdogo wake Zena, dereva wa lori. Hatujawahi kupika vyungu viwili. Hata siku moja!

Abibu yuko Sandoa anapakia mihogo. Nimemwambia Zena, njia ile ina mchanga, je akichelewa? Akanicheka. Eti mdogo wake anaijua njia ya Sandoa kuliko kitanda chake.

Ijumaa, tarehe 13

Wamefika. Abbé Kalala ni mrefu, mkavu, ana miwani na kalamu mbili mfukoni. Shehe Asani ni mzee mnene, mpole, anafunga macho ukimsemesha. Unadhani amelala, halafu anakuuliza jambo ulilolisema mwanzoni kabisa.

Nilivaa kikwembe kipya. Zena naye — kilekile! Hatukuambiana. Tulisimama mlangoni kama kwaya ya watu wawili.

Jioni walilipua mwamba kule mgodini Mashamba, madirisha yakatetemeka. Abbé akaruka kwenye kiti. Sisi hata kichwa hatukugeuza. Nimecheka kimoyomoyo.

Jumamosi, tarehe 14

Nina hasira.

Asubuhi salongo, kazi ya wote bila malipo, tumefagia uwanja mpaka mchanga ukang'aa. Halafu maswali. Abbé akawauliza vijana: katika kundi mnazungumza nini juu ya dini? Akajibu Tshibangu, fundi wetu wa kuunga vyuma, Mkatoliki, kijana mwenye ulimi unaotangulia kichwa.

"Dini? Hatuzungumze dini, Tata Abbé. Tunacheza mupira, tunapiga matofali, tunaenda ku kilio ya batu."

Na wote wakatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo! Kadija, msichana wa msikiti ninayemsifu kila siku kwa akili, akaongeza mbolea: "Shi tukianza dini tutagombana?"

Abbé akaandika. Akaandika sana. Mwishoni akatuita, mimi na Zena, akatuambia kwa sauti ya daktari mwenye habari mbaya: urafiki huu ni mzuri, hongera, lakini parokia na msikiti walipatana kwa ajili ya mazungumzo. Watu wa kucheza mpira hawahitaji mapatano ya padri na shehe.

Shehe Asani akafungua macho. "Na mukigombana, munafanya nini?"

"Hatujagombana, Tata Shehe," nilisema, na kifua changu mbele. "Miaka mitatu!"

Akaniangalia kwa muda, kisha akafunga macho tena. Nilifikiri nimemshinda. Sasa ninapoandika, sijui.

Tukirudi nyumbani nikamwambia Zena asijali, kesho watakula nasi chungu kimoja, wataona kwa macho yao. Akasema kuona si kusikia, na Abbé amekuja kusikia mazungumzo. Na Abibu hajafika.

Jumapili, tarehe 15

Ninaandika katika jiko la ukumbi, juu ya gunia la unga. Waislamu wako uani kwenye sala ya alasiri. Hatujala. Wacha nianze mwanzo.

Nilitoka misani moja kwa moja mpaka hapa. Nyama inachemka, harufu imefika barabarani. Nikafurahi. Nikauliza, Abibu alifika saa ngapi?

Tshibangu akaangalia chungu.

"Abibu hakufika, Mama. Lori iko mu muchanga, ku njia ya Sandoa. Mi njo nilichinja."

"Wewe?"

"Niliangalia Abibu mara mingi. Niligeuza mbuzi ku upande yabo ya kusali, nilisema Bismillahi, yote. Hakuna mutu aliniona. Mama, bageni balikuwa banafika ku fête!"

Nikakaa chini. Mbuzi mwingine hakuna. Nikinyamaza, fête inapita, Shehe anakula, anasifu, kundi linapona. Nikisema, Shehe ataenda Kasongo kueleza kwamba Wakristo wa Dilala wanawalisha Waislamu kwa siri. Weka hilo juu ya maneno ya jana ya Abbé — kwisha.

Nilikuwa nimeamua kunyamaza. Sitajidanganya. Nilishaonja chumvi, nilishamwambia Tshibangu aongeze nyanya. Ndipo Zena akaingia na sahani kichwani. Hakuuliza kitu. Akafunua chungu, akanusa, akasema: "Abibu amejitahidi leo."

Sikuweza. Hata kama wageni wangekuwa kumi. Mficha uchi hazai. Nikamwambia palepale, karibu na moto, na Tshibangu akisikia.

Alishusha sahani. Hakupiga kelele, ningependa apige. Alisema tu: "Unaniambia mbele ya kula, hapana nyuma."

"Ndiyo."

"Basi twende tubaambie bote."

Akanishika mkono, tukaingia ukumbini, akawaeleza watu wote, Shehe na Abbé wamekaa mbele kwenye viti vya mikono. Halafu — mama yangu! Ugomvi wa kwanza wa kundi letu.

Kadija akasimama akasema yeye atakula. Alifundishwa tangu mdogo kwamba chakula cha Wakristo kinaruhusiwa. Binamu yake Kasimu akasema hapana, si shauri ya kisu, ni shauri ya kudanganywa. Mwingine akauliza kama Bismillahi ya mtu asiyeamini ni Bismillahi. Hapo Shehe akamwita Tshibangu mbele.

"Ulitaja jina ya nani, mutoto?"

"Ya Mungu, Tata Shehe."

"Mungu gani?"

"Shi Mungu iko mumoja? Unazani niliita nani?"

Watu wakapiga makofi, wa pande zote. Shehe hakupiga. Akasema jibu ni zuri, lakini mtu anaweza kumwita Mungu mmoja na bado kumkosea jirani. Agnès, mwimbaji wetu wa kanisani mwenye haya, ambaye kwa miaka mitatu sijasikia sauti yake nje ya wimbo, akauliza: kwa hiyo nyama ni mbaya ao Tshibangu njo mubaya? Shehe akacheka mpaka tumbo likatikisika. Akasema hilo ndilo swali. Akaanza kueleza, wakamkatiza, akaeleza tena. Kasimu akataka kujua kwa nini sisi tunakula mwili katika misa na hatuogopi. Agnès akajibu! Akajibu vizuri kuliko mimi ninavyofundisha katekisimu.

Abbé akaogopa. Akasimama na sahani, akasema tufanye amani: Waislamu wale ugali wa bukari na mboga ya sombe, Wakristo wale nyama, tumalize.

"Hapana, Tata Abbé," Agnès akasema. "Tukikula siye peke yetu, haiko tena chungu ya kundi."

"Lakini dini yenu haiwakatazi."

"Haitukataze. Lakini ba Zena habakule."

Akageuka kwa wengine. Hakuna aliyeinuka. Saa ya kula ilishapita zamani, wengine hawakunywa hata chai asubuhi, na harufu ile! Hakuna aliyewafundisha hilo. Mimi sikuwafundisha. Nilitamani kulia, na nilitamani vilevile kusimama juu ya kiti niwaonyeshe Lubumbashi yote: hawa ni wangu! Abbé akakaa, sahani tupu magotini. Kalamu hakuigusa.

Ndipo Zena akanigeukia mbele ya watu.

"Ernestine. Ungekuwa miye, ungekula?"

Ukumbi wote ukaniangalia. Nilijua wageni wanataka nini. Nilijua ninataka nini mimi: ndiyo, ningekula, karibuni, bukari isipoe! Nikamtazama Zena na kikwembe chake. Nikajaribu kuwa yeye. Ni kazi ngumu, hata baada ya miaka mitatu ya kujisifu kwamba ninamjua.

Nikasema: "Nisingekula. Si kwa sababu ya Bismillahi. Kwa sababu hakuna aliyeniuliza."

Nilisikia Abbé akivuta pumzi. Nikafikiri, basi, nimelizika kundi kwa mdomo wangu mwenyewe. Lakini sikujuta. Hata sasa sijutii. Ni neno bora nililosema ndani ya ukumbi ule, na lilitoka bila kutayarishwa.

Zena akatikisa kichwa polepole. "Njo vile. Sasa Tshibangu aniulize. Pa mbele ya batu."

Tshibangu akafungua mdomo. Shehe Asani akaangalia jua mlangoni, akasema saa ya sala imefika. Wasali kwanza, wakirudi kijana atauliza na Zena atajibu, na yeye Shehe atafuata jibu la Zena. Ale asile.

Abbé akamwuliza, na sisi? Jibu letu juu ya mapatano ni lini? Shehe akasema sala yao si ndefu.

Kwa hiyo tunangoja. Kutoka hapa ninaona migongo yao uani, wanaume mbele, Zena na Kadija nyuma. Kifuniko kiko juu ya chungu. Vijana wetu wamekaa ukutani, kimya kama kanisani, wasiwasumbue. Abbé amesimama peke yake kwenye dirisha, anawaangalia wanaosali, kisha anawaangalia wanaongoja. Sijui anafikiri nini. Kwa mara ya kwanza juma hili sina hamu ya kumweleza.

Tshibangu yuko mlangoni na Agnès, anajaribu maneno.

"Mama Zena, nilichinja bila kukuuliza, sasa utakula?"

"Anza na pardon," Agnès anamwambia. "Na toa mikono mu mifuko."

Anaanza upya. Jasho linamtoka, katika baridi hii ya mwezi wa saba! Kijana ambaye hajawahi kumwomba mtu ruhusa hata ya kukaa. Ninamtazama na moyo unanijaa mpaka unaniuma.

Shehe anatoa salamu, kuume, kushoto. Wanainuka. Zena anakunja mkeka wake taratibu, makusudi, namjua. Tshibangu amejifuta uso. Anatoka kumwendea Zena, hamngoji hata aingie ukumbini, na wote wanasimama kumfuata, Abbé pia — naweka kalamu, nami niende nao.