Sauti ya Aidan

Jumanne, 2 Septemba 2025
Liuli. Siku ya sita hospitalini. Mume wangu Aidan anakunywa uji sasa. Mkono wa kulia bado umelala. Sauti hakuna. Kiharusi kilimkuta akianika kahawa nyumbani Ukata — na mwaka huu ndio kahawa imetulipa kuliko miaka yote. Dirishani ziwa ni jeupe, halina mwisho. Nalitazama mpaka nasahau nimekaa wapi.

Alhamisi, 4 Septemba
Shemeji Nicholaus kafika na hela ya mauzo. Kamwambia daktari tunao uwezo, aandike dawa yoyote, hata iwe ya wapi. Daktari kasema dawa anazotakiwa kupata anazipata. Kilichobaki ni mazoezi, kuongeleshwa, na muda. Huenda maneno yakarudi, huenda yasirudi. Shemeji kaishusha bahasha ya hela mapajani. Nilimwonea huruma. Miaka yote tuliamini tumepungukiwa hela tu.

Jumapili, 7 Septemba
Sijui niandikeje. Alasiri, upepo wa ziwani, pazia linapanda na kushuka. Nasali rozari taratibu, usingizi unaninyemelea. Kwenye Salamu Maria ya tatu nikasikia sauti nyingine chini ya yangu. Nzito, kama ya mtu anayeamka. Aidan!

Nikanyamaza. Akaendelea peke yake mpaka Amina.

Nikamuuliza, "Mimi nani?" Midomo ikahangaika, machozi yakamtoka. Gertruda — jina langu hakulipata.

Nesi Eunice anasema hutokea: tuliyoyakariri tangu utotoni huwa yanabaki. Si muujiza, mama, kasema. Ila usiache kusali naye.

Jumatano, 10 Septemba
Nicholaus kaja na gari la kukodi. Anataka twende Dar es Salaam leo hii, kwa mtaalamu.

"Shemeji, hata huko utasali. Hela ipo, tunangoja nini?"

Hana ubaya. Ni mdogo wake, anampenda. Lakini Aidan ameanza kusema hapa, na njia ni ndefu, na mimi naogopa. Nikamwambia tumuulize mwenyewe. Tukainama wote wawili.

"Aidan, twende Dar, au tubaki?"

Alitutazama mmoja baada ya mwingine. "Ba..." akasema. Akaishia hapo.

"Anaanza Baba Yetu," kasema Nicholaus. "Anasali tu."

Mimi nimesikia tubaki. Au nimetaka kusikia.

Naandika daftari likiwa magotini, mkono mmoja uko mkononi mwake. Dereva ameshauliza mara mbili. Nicholaus kasimama mlangoni. Aidan anavuta pumzi. Midomo inakutana tena —