Chumba Kimoja cha Kujaribu

Jumanne usiku

Hapana, mapazia ya rangi ya dhahabu hayaingii. Nimemwambia Wanja hivyo mbele ya fundi, na dada yangu akaninunia mchana kutwa.

Hoteli hii ya Embu tuliachiwa na baba sisi wawili. Wanja anataka tupangishie wanafunzi vyumba vyote. Amenipa chumba kimoja nijaribu kuvutia wageni wa bei kubwa niliyoitaja. Wageni wakikikataa, basi. Pesa iliyopo inatosha rangi, godoro zuri na shuka nzito za pamba. Ya urembo hakuna.

"Mgeni akilipa bei kubwa anataka kuona vitu," alisema.

"Anataka kulala vizuri, dada."

Nikakipiga msasa kile kitanda cha zamani mpaka mbao yake ikaonekana. Ile taa ndefu ya darini, iliyofanya chumba kifanane na zahanati, nikaitoa, nikaweka taa mbili ndogo kando ya kitanda.

Jioni Wanja akaja kuniaga, anarudi kwake Karurumo. Akaketi kitandani. Akapapasa shuka. Akavua viatu.

"Zima taa moja," akasema.

Nilipoleta chai, alikuwa anakoroma.

Najua akiamka atasema ni uchovu tu. Na wageni si dada zangu. Wasipokuja, sijui nita... Hofu ninayo, siifichi. Lakini kesho natangaza chumba kwa bei ile niliyosema, sipunguzi hata shilingi.