Nakosea Kifaransa Makusudi Ili Nisihitimu

Shangazi mpendwa, nisaidie kabla Jumanne haijafika, maana nikinyamaza nitapasuka na nikisema huenda nikaharibu kila kitu. Mimi ni fundi wa makochi, nina miaka arobaini na tisa, mke wangu alifariki miaka saba iliyopita na tangu hapo nimezoea kula nimesimama karakanani. Dada yangu aliolewa ng'ambo, wanawe wanajua Kifaransa tu, wakipiga simu tulikuwa tunachekeana kama mabubu, nikaona aibu nikatafuta mwalimu, nikaelekezwa kwa mama mmoja anayefundishia sebuleni kwake, aliachika zamani, anaishi na mama yake mzazi, na viti vyake sita vyote vilikuwa vimechanika.

Sasa na wapwa zangu naongea vizuri, na kitabu kilikwisha, ukabaki ukurasa mmoja wa mwisho, namna ya kitenzi inayoitwa subjonctif imparfait, ambayo hutumika ukieleza jambo ulilokuwa ukitamani zamani litokee, na mwalimu mwenyewe akaniambia, "Huu tuuruke, fundi, hata wenyewe hawausemi tena, uko vitabuni tu," nikajibu hapana, mwalimu, nataka nimalize kila kitu, na huo ulikuwa uongo, nilitaka Jumanne zangu. Basi miezi mitano tumeng'ang'ana na kitenzi parler, yaani kusema: que je parlasse, que tu parlasses, halafu ukifika kwenye nafsi ya "yeye" mkia unakatika, inakuwa qu'il parlât, na ile a lazima ivae kikofia. Hicho kikofia, Shangazi, nakijua tangu siku ya kwanza. Ila kila Jumanne nakiacha makusudi, kwa sababu nikikiacha yeye huinama juu ya daftari langu na kalamu nyekundu, mkono wake unapita karibu na wangu, ananukia sabuni, anakichora taratibu na kusema, "Umesahau tena," nami nikifika nyumbani nafungua daftari nakitazama. Nampenda, Shangazi. Haya, nimeandika.

Viti vyake nimevishona kimoja kimoja, kikabaki anachokalia yeye, sponji imetoka nje na msumari mmoja umechomoza, na kila nikiomba nikibebe anasema, "Kiache kwanza, tutakifikia," nikajua haamini kazi yangu. Jumanne iliyopita mpwa wangu alinipigia mchana, nikamjaribia que je parlasse, akacheka mpaka akaita nduguze, "Njooni mumsikie mjomba, anaongea kama kitabu cha kale!" nikaenda darasani na furaha hiyo hadi nikajisahau, nikaandika nafsi zote sita za kitenzi sawasawa, kikofia na vyote. Mwalimu akaitazama karatasi, akafunika kalamu.

"Basi, fundi," akasema, "umemaliza. Sina tena cha kukufundisha." Kisha akasimama, akakishika kile kiti. "Na hiki sasa kichukue. Jumanne ukilete, tuagane."

Kiti kiko karakanani, sijakigusa. Naona amenichoka, anataka mambo yaishe. Je, nijifanye nimesahau somo zima tuanze upya, au nirudishe kiti nimuage nikameze machungu yangu? Mama yake hunifungulia mlango akisema, "Mwanafunzi wetu sugu amefika," na sijui nani mwingine atanifungulia mlango kwa furaha namna ile.

Mwanafunzi Sugu

*

Mwanafunzi Sugu,

Pole kwa mkeo. Na pole kwa kula umesimama. Tafuta meza, hilo ni agizo. Ukishakaa, nikugombeze.

Mtu mzima na akili zako, unaficha kikofia miezi mitano halafu unajiona mjanja! Hebu niambie: mwalimu anayeona mtu akikosea mahali palepale kila Jumanne, na kwingine kote hakosei hata herufi, hashtuki? Wanafunzi wa kweli hukosea ovyo. Wewe ulikosea kwa nidhamu. Na yeye ndiye aliyetaka ukurasa huo urukwe. Mbona ameufundisha muda wote huo bila kulalamika?

Halafu kiti. Fundi mzima hukuona? Asiyeamini kazi yako hakupi viti vitano. Alikuwa anakalia msumari ili ibaki kazi moja ya kukurudisha. Siku uliyoandika vizuri, papo hapo akakukabidhi kiti. Alidhani wewe ndiye uliyeaga, bwana, naye akajikaza akaaga.

Siwezi kukuapia. Nasoma barua yako tu, moyo wake sijauona. Akikwambia hapana, mshukuru uende zako, wala usirudi na kitabu kingine kumsumbua. Itauma. Lakini kuna maumivu mabaya zaidi, na hayo nayajua. Niliwahi kumwacha mtu aende kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa anamsubiri mwenzake aanze, na mpaka leo geti la jirani likilia nageuka kutazama.

Kwa hiyo sikiliza. Kujifanya umesahau, marufuku. Umemdanganya vya kutosha. Kiti kitengeneze leo, sponji mpya, kitambaa kizuri, na usiache hata msumari mmoja makusudi. Jumanne mwambie kikofia ulikijua, na umwambie kwa nini ulikiacha. Sema kwa lugha yenu ya kila siku, sentensi fupi, ya leo, si ya ulichotamani zamani. Daftari libaki nyumbani. Saa ya somo ikifika beba kiti, gonga, na mama yake akifungua mwambie leo hukuja kusoma.