Kola Niliyokushonea

Chumba cha pili,
Juu ya duka la vifungo.
Jumapili, tarehe 21.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, Mjomba mumeo ameacha kukohoa, na binamu zangu bado wanagombania kiti cha dirishani kama zamani. Sisi huku tu wazima, isipokuwa mimi na shingo yangu. Tumekuwa kama mke na mume walionuniana: tunaishi pamoja kwa sababu hatuna pengine pa kwenda.

Na shingo yako je? Usinijibu "haijambo" kama kawaida yako. Niambie kweli: ukiitwa kutoka nyuma, unageuza shingo au unageuka mzima mzima?

Nimeupata ujumbe wako kwamba niache cherehani, nihamie kwenu nikusaidie dukani, na kwamba unataka jibu kabla ya mwezi kwisha. Nimeusoma mara tatu. Unasema shingo hii ni ya ukoo, kwamba iliyokuondoa wewe kwenye cherehani ndiyo itakayoniondoa mimi, na heri nitoke kwa miguu yangu kuliko kutolewa. Shangazi, nisamehe, nilikasirika. Nilikasirika kwa sababu huenda ni kweli.

Maana mambo yamefika pabaya. Bwana Saa, msimamizi wetu (tunamwita hivyo kwa kuwa anaitazama saa yake kuliko anavyomtazama mkewe), amenipa mpaka Jumatano hii. Niketi siku nzima, nishone kola arobaini zisizo na dosari. Nikishindwa, cherehani yangu anapewa mwingine, nami nahamia meza ya kukunja mashati. Miaka kumi na tisa nawashonea watu kola za shingo zao, leo shingo yangu mwenyewe ndiyo inanifukuza. Yangekuwa ya mtu mwingine ningecheka.

Kosa lenyewe ni langu. Mwezi mmoja na nusu uliopita, zahanati walinipeleka kwa mama wa mazoezi, mwanamke mfupi asiye na mzaha na mgonjwa mvivu. Alinipapasa, akanitazama ninavyoketi, akasema hakuna mfupa uliovunjika. Misuli ya shingo imedhoofu, na mimi nashinda nimeinama kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Nilingoja vidonge, sikupewa. Nilipewa mazoezi ya wiki kumi na mbili. Kuvuta kidevu nyuma, kama mtu aliyeletewa chakula asichokipenda. Kusukumana na kiganja changu mwenyewe kwenye paji la uso, kichwa kisisogee. Kugeuza shingo kulia na kushoto polepole, na kuvuta mpira kwa mikono miwili mpaka mabega yarudi nyuma. Kila zoezi mara kumi, kila mara hesabu ya tano, na kazini niinuke kila nusu saa.

Sasa ni wewe uliyenifundisha kwamba fundi hakati kitambaa sawasawa na mwili, lazima aache nafasi ya mshono. Basi nikajiambia, hiyo kumi ni kipimo cha mwili, ya mshono naongeza mwenyewe. Nikafanya kumi na tano. Hesabu ya tano nikaifikisha nane. Wiki ya tatu niliamka shingo imekuwa ubao. Kazini Bwana Saa akaniita kwa nyuma, nikageuka pamoja na kiti. Alinitazama muda mrefu, ndipo akanitangazia habari ya kola arobaini.

Nilipomweleza mama wa mazoezi, alicheka mpaka akaketi.

"Mama, shingo si kitambaa," alisema. "Nikikwambia kumi ni kumi. Hapa hakuna mshono."

Kisha akanianzisha upya, tano tano.

Tangu hapo natii. Kila Jumapili napima kwa futi yangu, kutoka kidevuni hadi begani nikiwa nimegeuka. Upande wa kulia zilikuwa sentimita kumi na sita, leo ni kumi na mbili. Kushoto bado kunasuasua. Maumivu nayo hayajaondoka. Alasiri yanaanzia chini ya kisogo na kupanda. Baba watoto ananiuliza kila jioni, "Vipi?" Namwambia salama, na wote wawili tunajua kuwa naongopa. Naogopa, Shangazi. Naiacha kalamu hapa, barua nitaimalizia Jumatano, iwe heri iwe shari.

Jumatano, jioni.

Nimerudi. Nimekunywa maji.

Nusu saa ya kwanza ilipofika sikuinuka. Bwana Saa alikuwa amesimama ubavuni mwangu, saa mkononi, nikaona haya. Ya pili sikuinuka. Kufika saa tano shingo ilikuwa inawaka moto, na kola ya kumi na moja ncha yake ikaenda upande. Nikaifumua. Nikaishona, ikaenda upande tena. Jirani yangu, yule mwembamba tunayemwita Sindano, akaninong'oneza bila kuinua macho.

"Inuka wewe! Kwani umepigiliwa misumari?"

Nikainuka.

"Unakwenda wapi?" Bwana Saa akauliza.

"Siendi popote. Nageuza shingo."

Cherehani za jirani zikanyamaza. Nilivuta kidevu, nikageuka kulia, nikageuka kushoto, tano tano. Nilipoketi akatangaza kwa sauti, "Dakika moja na nusu," kama mtu anayemsomea mwizi mashtaka. Nikamwambia asante. Ikawa hivyo siku nzima: kila nusu saa nainuka, yeye anatangaza, mimi nashukuru. Maumivu ya alasiri yalikuja, lakini yaliishia kisogoni, hayakupanda.

Kazi ilipofungwa nilikuwa na kola thelathini na nane. Mbili pungufu. Mkaguzi akazipitia moja moja chini ya taa, akanyoosha kila ncha kwa kucha, wala hakurudisha hata moja. Akaichukua kazi ya Sindano: arobaini na mbili, zilizorudishwa nne. Thelathini na nane. Bwana Saa alihesabu tena mwenyewe, kwangu na kwake. Kisha akaniachia cherehani kwa miezi mitatu zaidi. Alikubali kwa shingo upande, na safari hii shingo hiyo haikuwa yangu.

Kwa hiyo jibu langu, Shangazi: siji. Najua asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini naomba unisikie kwanza.

Unaikumbuka kola ile ngumu uliyoniagiza shingo yako ilipoanza? Niliweka kitambaa kigumu tabaka mbili ndani, nikaipiga mishono minne, nikajiona fundi. Wiki iliyopita nilimsimulia mama wa mazoezi, nikijisifu kwamba umeivaa miaka tisa na haijafumuka. Hakucheka. Aliuliza, "Miaka tisa, kila siku?" Akasema shingo inayoshikiliwa kila siku husahau kazi yake. Nimebeba neno hilo tangu siku ile. Wewe unasema ni ukoo. Mimi naogopa kwamba nusu yake ni mkono wangu.

Usiivue leo kwa hasira. Amesema ivuliwe kidogo kidogo, baada ya yeye kukuona. Nimeshakuombea nafasi, Jumatatu ya pili ya mwezi ujao, na kitanda chako tumekitandika. Njoo nayo ukiwa umeivaa. Siku atakayosema basi, usimpe mtu mwingine mkasi. Mshono ni wangu, nitaufumua mwenyewe.

Nisalimie Mjomba, na binamu zangu wote wawili, yule mkubwa na yule mlalamishi. Baba watoto anakuamkia, na Sindano pia, ingawa hamjaonana. Mungu akulinde njiani, na akupe shingo ya kugeuka kunitazama nitakapokuita kituoni.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
uliyenifundisha kushona.