Kisima Kifupi cha Ngazija

Ngazija, Komoro

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nyingine mpelekee Mama, hata kama yuko jikoni na hataki kusumbuliwa. Mgongo wako unaendeleaje? Uwele umekubali huko Mtinko, au ndege wamewahi? Mimi ni mzima kabisa, na leo nina furaha ya kucheka peke yangu.

Mlisikia kwamba baada ya kuwafikisha huku Ngazija mbuzi wa yule tajiri wetu wa Singida mjini, sikurudi na wenzangu. Ni kweli. Tangu biashara ya mifugo na visiwa hivi ilipofunguliwa watu wanavuka, wanauza, wanaondoka. Mimi niliona mji mzima unategemea maji ya mvua kwenye matangi ya saruji, na matangi yamekauka, nikaropoka kwamba kwetu sisi ni wachimba visima. Mzee Mohamadi, mkubwa wa mji huu, alikulia Unguja, hivyo alinielewa vizuri mno.

Baba, huku tunaishi mgongoni mwa mlima mmoja, Karthala, nao uko hai. Usifikirie mlima wenye ncha. Umelala mpana kama ungo uliofunikwa, kwa sababu moto wake hutoka kama uji mwepesi, hutiririka mbali, huganda, kisha mwingine huja juu yake. Ukichimba unakuta mawe yamepangana kama chapati: gumu linalorusha cheche, halafu kokoto tupu, halafu gumu tena. Si kama majabali yetu, jiwe moja hadi chini. Mvua hunyesha mpaka humsikii mwenzako, ikikatika huoni hata kijito. Yote imezama.

Kisima cha kwanza nilichimba ulivyonifundisha. Maji yalipotokea niliendelea kushuka mpaka yakanifika kifuani, ili kiangazi kisituumbue. Bi Echati, dada yake Mzee Mohamadi, akaonja, akatema.

"Mwanangu, bahari tunayo tayari," akasema.

Watu walicheka mpaka nikatamani kurudi shimoni. Wazee wakanipa nafasi moja tu: cha pili kikiwa cha chumvi, naondoka na meli itakayofuata, na sifa yetu ya uchimbaji inaishia hapo.

Nikawa nashinda nalitazama lile shimo la aibu. Bahari ikijaa, maji yake yanapanda, ikipwa, yanashuka. Nikamuuliza Mzee Mohamadi.

"Mvua huzama maweni hadi ikutane na maji ya bahari yaliyopenya kutoka pwani," akasema. "Matamu ni mepesi, hukaa juu. Wewe umeyapita."

Kama samli juu ya mchuzi, Baba! Nami nilikuwa nimetia mwiko hadi chini ya sufuria.

Cha pili nilikisogeza mbali na pwani. Maji yalipofika magotini nikaweka mtaimbo chini. Mikono iliniwasha kuendelea, na nilikusikia kabisa ukinigombeza. Nikageukia pembeni, nikayafuata maji kuelekea upande wa mlima, bila kushuka tena. Tukangoja bahari ijae kwelikweli, ndipo Bi Echati akateka mwenyewe. Akanywa funda, akaongeza la pili. Akamaliza kata nzima, akapangusa mdomo.

"Nitilie tena," akasema.

Vigelegele vilivyofuata sijawahi kusikia hata harusini! Mzee Mohamadi alinikumbatia na matope yangu yote. Sasa mji wa jirani umeshatuma watu kuniita, nami naringa, sikufichi.

Nisalimie dada Mwajuma na wanawe, shangazi wa Mungaa, na jirani yetu, mshika kamba wako visimani; mwambie huku kamba yake ingetosha mara mbili.

Najua ulipofika kwenye maji ya magotini ulitikisa kichwa, ukasema kijana huyu mvivu. Tikisa tu, Baba. Huku watu wanakunywa.

Mwanao,
Jumanne