Karte ya Muzazi Mumoja

Mahagi, tarehe 18 mwezi wa kenda 2024

Kwako Prudence,

Nakusalimia, weye na nyumba yote. Natumaini kifua ya Martine imepoa na kikohozi hakimuamshi tena. Siye huku tuko. Mama yangu anatembea kidogo na fimbo, samaki inapatikana, mvua nayo imeanza.

Naandika kwa karatasi sababu simu yenu, mutu akiongea, nyumba nzima inasikia. Floribert, baba ya watoto, amekubali kubeba bahasha hii ndani ya kamiyo yake ya mizigo. Nimeifunga na gundi. Ukikuta imefunguliwa, muulize yeye.

Jana niliongea na Destin. Alikuwa na ile furaha ya kusahau salamu. Akasema, "Mama, tuko na karte ya kuangalia mupira ya timu Radi. Ya sezoni nzima. Tunaingiaka mu tribini, kwa viti vya kivuli, kama wakubwa." Nikamuuliza nani amewanunulia. Akasema ni weye. Nikamwambia ni vizuri, nisomee kile kimeandikwa. Mutoto akasoma na sauti yake ya masomo: "Muzazi: Prudence. Watoto: Destin, Martine."

Sikujua niweke uso wangu namna gani. Mama aliniuliza kama kuna mutu amekufa.

Prudence, sikatai watoto waangalie mupira. Lakini Destin nilimuzaa juu ya benchi ya shule, wakati tulikuwa tunakimbia risasi, na Martine alinyonya kwangu mpaka akajua kuniomba maziwa kwa maneno. Hakuna mutu alinipa karte juu ya ile.

Kwa Floribert sikuonei wivu. Nilikuwa nimekwisha kuachana naye mbele ya weye kumupata, na sasa unajua mwenyewe namna anakoroma. Lakini watoto sikuwaacha. Nilikuja huku kuuguza mama, nikawabakisha Bunia kwa masomo, siyo kwa kuwatafutia mama mwingine.

Nijibu.

Mama Destin


Bunia, tarehe 27 mwezi wa kenda 2024

Yaya Chantal,

Nakuamkia kwa heshima kama mukubwa wangu, na mama pale umusalimie sana. Furaha yetu ni kusikia anasimama tena. Kifua ya Martine imepona, analala vizuri.

Bahasha ilifika na gundi yake. Floribert aliiweka juu ya meza, akatoka kuosha kamiyo. Kamiyo ilikuwa safi.

Nikueleze namna ilipita. Siku ya mungu, misa ikiisha, watu wa Radi waliweka meza mu kiwanja cha parokia, wakauzisha karte ya sezoni. Kuna moja ya familia: muzazi mumoja na watoto. Lazima muzazi aingie nao, watoto peke yao wanarudishwa. Destin alinivuta mukono mpaka mbele. Sekretere wa Radi, yule Néhémie, akauliza, "Muzazi ni nani?"

Nilitaka kusema Floribert, lakini siku ya mungu Floribert anakuwaka barabarani. Basi Martine akaninyooshea kidole, akasema, "Andika huyu." Hakusema mama. Hakusema hata mama mudogo. Alisema huyu. Weye umeumia juu ya jina. Mimi nilirudi nyumbani na ile "huyu".

Na pale mu tribini, unafikiri niko na nani? Radi wakifunga goli, Destin anaruka, na mbele miguu yake ifike chini amekwisha kusema, "Hii nitamuelezea mama." Anaangalia mupira kwa ajili yako. Mimi niko pembeni yake na mandazi mukononi.

Yaya, mimi sina mutoto, unajua. Wamama wa kanisa wameanza kuniita Mama Destin. Mara ya kwanza niliwasahihisha. Sasa nanyamaza.

Mudogo wako,
Prudence


Mahagi, tarehe 4 mwezi wa kumi 2024

Prudence,

Salamu. Siye tuko wazima, natumaini nanyi.

Mama Destin ni mimi. Hakuna wawili. Kama wamama wa kanisa hawajui, waeleze.

Enda kwa Néhémie, ondoa jina yako, andikisha yangu. Mwezi ujao nitafika Bunia, na nitaingia mu tribini na watoto wangu. Kama kubadilisha kuna malipo, Floribert atakuletea samaki.

Na mambo ya mandazi, usiniandikie tena.

Mama Destin, yule wa kweli


Bunia, tarehe 15 mwezi wa kumi na moja 2024

Yaya Chantal,

Salamu kwako na kwa mama. Hapa hakuna mugonjwa, namushukuru Mungu.

Nimechelewa kujibu. Kwanza ilikuwa hasira. Kisha barabara ilifungwa tena juu ya risasi, kamiyo ya Floribert ikalala Bunia, na yeye akakaa nyumbani akituangalia kama mutu anangojea mvua.

Nilifanya vile ulisema. Néhémie aliniuliza kama niko na hakika, nikasema andika. Akafuta Prudence, akaandika Chantal.

Siku ya mungu ile ile tulienda. Kwa mulango alikuwa Rémy, jirani yetu, anatuonaka kila siku tukichota maji. Lakini pale kwa mulango Rémy ni mutu wa kazi. Akasoma karte, akauliza, "Chantal ni nani?" Destin aliniangalia. Alikuwa anangojea niseme ni mimi. Neno moja tu, tungeingia.

Nikasema, "Chantal yuko Mahagi."

Rémy akanirudishia karte. "Basi watoto wangojee mama yao."

Tulibakia inje, kwa ukuta. Destin alikuwa anasikiliza kelele na kutafuta kujua ni nani amefunga. Martine alichora ndani ya vumbi. Yaya, ningeweza kununua tiketi za upande wa jua. Makuta ya tiketi nilikuwa nayo, nimeifunga ndani ya kikwembe kiunoni. Sikununua. Nilitaka watoto wajue ni nani amewafungia mulango. Nakuambia mwenyewe mbele ya Martine kukuambia.

Tangu pale hatujarudi. Destin amekunja jezi yake, ameiweka chini ya kitanda, anasema mupira haimupendezi tena. Kila siku ya mungu, kelele ya kiwanja cha mupira ikifika kwetu, anaenda kukaa mu jikoni.

Ulisema utakuja. Tunangojea. Siandiki hii kwa ubaya, ama pengine kidogo.

Prudence


Mahagi, tarehe 10 mwezi wa kumi na mbili 2024

Prudence,

Nakusalimia. Nilirudi huku salama, hata kama barabara ilinivunja mugongo. Mama aliniuliza habari ya kila mutu, na yako pia.

Nilikukosa. Nilifika kwako, nikakuta umeenda kwa dada yako kule Mudzi-Pela. Sombe ya kula uliniachia tayari mu sufuria, kitanda iko na mashuka mapya. Nilikasirika. Nilikuwa nimepanga maneno njia yote, na mwenye kuambiwa hayuko.

Siku ya mungu tukaenda, Destin na jezi yake. Rémy akasoma karte, akaniangalia, akasema, "Kumbe uko." Nikapita kichwa juu. Nikakaa mustari wa mbele, kila mutu anione.

Martine akasema, "Siyo hapa, mama. Tunakaaka kule juu, kwa nguzo. Hapa mvua inaingia."

Tukapanda kwa nguzo. Watu wa pale wakawasalimia watoto kwa majina, na mimi wakanipa ile salamu ya mugeni. Destin akanielezea wachezaji mumoja kwa mumoja, polepole, vile mutu anaelezea mutoto. Nikasema ndiyo, ndiyo. Moyoni nilikuwa nahesabu kila kitu walijua pasipo mimi.

Kisha Radi wakafunga. Destin akaruka na kugeuka upande wa kuume, mikono wazi. Mimi nilikuwa upande wa kushoto. Kuume kulikuwa muzee mumoja na kofia yake. Mutoto akabakia na mikono vile hewani, kisha akanigeukia, akanikumbatia. Alinikumbatia vizuri, kwa nguvu. Lakini nilikuwa nimekwisha kuona.

Ile siku sikula. Nilikuja na wivu, nikarudi nayo, ila imebadilisha sura. Mbele nilikuwa nafikiri umeniibia kitu. Sasa nimeona ile kitu uliitengeneza mwenyewe, na mandazi yako, pale kwa nguzo. Inauma zaidi, sababu siwezi kukudai.

Na juu ya ile siku mulibakia kwa ukuta, ulifanya vibaya. Mimi vilevile. Nilijua niko mbali, na nikataka karte ibebe jina yangu tu, hata kama watoto wanabakia inje.

Kesho yake nilienda kwa Néhémie. Nikamuomba aandike majina yetu mbili. Akanionyesha karte: mustari ni mumoja. Nikakaa pale kwa kiti chake, watu wakapita, wakalipa, wakaenda. Mwisho akaniuliza, "Mama, tunaandika nani?" Nikasema, "Andika Prudence." Nikamutajia herufi moja moja, asikosee.

Karte iko ndani ya kabati yako, nyuma ya vikombe.

Usinishukuru. Na wale wamama wa kanisa, uwaambie wakuite Mama Martine. Destin unibakizie.

Yaya wako,
Mama Destin


Bunia, tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili 2024

Yaya Chantal,

Salamu za Noeli kwenu wote. Mama ale vizuri, nimemutumia sukari na chumvi kidogo ndani ya kamiyo.

Niliona karte. Nilikaa chini kwanza.

Wamama wa kanisa nimewaambia. Mumoja akauliza tangu lini watoto wa nyumba moja wanagawanywa sawa na mihogo. Nikamujibu ni mambo yetu. Martine nilimuuliza kama anakubali. Akafikiri, akasema, "Lakini mama wa Mahagi asikasirike." Basi nakuuliza tena: hautakasirika?

Mwisho wa sezoni ni mwezi ujao, Radi watacheza na timu ya Kpandroma. Njoo. Nitaongea na Rémy akuachie uingie na karte yangu. Mimi nitaenda kwa dada yangu, hakuna shida.

Mudogo wako,
Mama Martine


Mahagi, tarehe 6 mwezi wa kwanza 2025

Mudogo wangu Prudence,

Mwaka mupya uwakute na afya. Sukari mama ameificha chini ya muto wake wa kulalia, anasema ni yake peke yake.

Unauliza kama nitakasirika. Nitakasirika. Lakini ni kazi yangu, usiibebe.

Usiende kwa dada yako. Na usimupe Rémy shida, mutu yuko na mukubwa wake. Ingia weye na watoto, mukae kwa nguzo yenu. Mimi nitanunua tiketi ya upande wa jua, uso kwa uso nanyi. Nitavaa kikwembe ya njano na nitasimama, hata kama wa nyuma wanalalamika.

Goli ikiingia, wakukumbatie kwanza. Pengine nitaangalia chini kidogo. Munipe muda, nitainua kichwa.

Ile saa, mwambie Martine anipungie mukono. Nawe pia.

Yaya wako,
Chantal